Kwa nini muuguzi hukuuliza kama umetoa hewa: neva na safari ya chakula tumboni

Muuguzi wa Zamu:

Salaam wanajukwaa. Nimefanya kazi katika wodi ya upasuaji kwa miaka 18, na hakuna swali nililowauliza wagonjwa mara nyingi kuliko hili: "Je, umeshatoa hewa?" Vijana hucheka, wazee huona nimewavunjia heshima. Mama mmoja aliyepasuliwa kwa sababu ya utumbo uliojisokota alinitazama kitambo, kisha akaniambia kwa upole kwamba swali kama hilo haliulizwi mbele ya mkwe, na ilibidi mkwe wake atoke nje ndipo nipate jibu. Kwa kuwa swali hili huwakera wengi na ni nadra mtu kuelezwa sababu yake, nimeona nilifungulie uzi, maana limebeba jambo ambalo hata baadhi yetu tunaovaa sare hatulitafakari vya kutosha: ni nani hasa anayeliendesha tumbo.

Tumbo likifunguliwa na matumbo yakashikwashikwa, huacha kusukuma. Utumbo mwembamba huamka mapema, mara nyingi ndani ya saa 24; mfuko wa chakula hufuata baada ya siku moja au mbili; utumbo mpana ndio mzito kuliko wote na unaweza kuchukua siku mbili hadi tatu. Hewa ikitoka tunajua kwamba huyo wa mwisho naye ameanza kazi. Lakini tazameni hali ya mgonjwa wakati huo. Dawa ya usingizi ilikwisha mwilini zamani, anazungumza, anaulizia simu yake, analalamikia uji. Kama ubongo ndio ungekuwa unausukuma utumbo hatua kwa hatua, utumbo ungeamka pamoja na mwenye nao. Hauamki, kwa sababu una waendeshaji wake.

Waendeshaji hao ni nyavu mbili za seli za neva zilizotandazwa ndani ya ukuta wa njia ya chakula. Wavu wa kwanza, unaoitwa kwa jina la Leopold Auerbach, umelala kati ya matabaka mawili ya misuli, lile linalouzunguka utumbo kama pete na lile linalokwenda kwa urefu wake, nao huongoza mwendo. Wa pili, wa Georg Meissner, uko ndani zaidi, karibu na utando unaogusana na chakula, na kazi yake kubwa ni majimaji: kiasi gani kimwagwe, kiasi gani kinyonywe, na damu ipite kwa wingi gani. Seli hizo kwa jumla ni mamia ya mamilioni.

Mwaka 1899, huko London, William Bayliss na Ernest Starling waliwalaza mbwa kwa dawa, wakakata neva zinazouunganisha utumbo na ubongo na uti wa mgongo, kisha wakautanua utumbo kwa ndani kama unavyotanuliwa na tonge linalopita. Utumbo ulijibu vilevile: juu ya mahali palipotanuliwa misuli ilijikaza, chini yake ikalegea. Aliyewahi kukamua ng'ombe anaujua mwendo huu kwa vidole vyake, kwa kuwa kidole gumba na cha shahada hufunga juu ya chuchu, kisha vidole vingine hufuata kimoja kimoja kuelekea chini, na maziwa hayana pa kwenda isipokuwa kwenye ndoo. Tofauti ni kwamba mkamuaji anajua anachofanya, na utumbo wa mbwa yule haukuwa na mtu wa kuuamuru.

Siku hizi tunajua kwa undani zaidi jinsi jambo hilo linavyotendeka. Tonge linapousukuma ukuta, seli fulani za utando humwaga serotonini, kemikali ambayo wengi wameisikia ikihusishwa na furaha ya ubongoni ingawa takriban asilimia 90 yake imo tumboni. Serotonini huziamsha neva za kuhisi, nazo hupokeza habari pande mbili: neva za upande wa juu humwaga asetilikolini na misuli hukaza, za upande wa chini hutoa nitriki oksaidi na misuli hulegea. Shauri lote huanza na kumalizika ndani ya ukuta wenyewe.

Ubongo, basi, umeshika nini? Kwa maoni yangu umeshika milango miwili. Mlango wa kuingilia uko chini ya amri yake: kutafuna ni hiari yako, na kumeza huongozwa na kituo kilicho katika shina la ubongo, lakini tonge likishavuka koo huwezi kuliita lirudi. Mlango wa kutokea una pete mbili za misuli. Choo kinapofika kwenye puru, pete ya ndani hulegea yenyewe bila kukuuliza, na pete ya nje ndiyo uliyoachiwa wewe ili uwahi chooni au usubiri basi lifike stendi. Kati ya milango hiyo ubongo hushauri, hukoleza, hutuliza, lakini hausogezi tonge moja baada ya jingine. Hata neva kubwa ya vagasi, inayoshuka kutoka kichwani hadi tumboni na ambayo wengi huidhania kuwa njia ya amri, takriban nyuzi nne katika kila tano zake hupandisha habari kutoka chini. Ubongo husikiliza zaidi kuliko unavyosema.

Wapo wanaoliita tumbo ubongo wa pili. Mimi silipendi sana jina hilo. Tumbo halifikiri, wala halikumbuki nani anamdai nani. Linajua kazi moja, na linaijua vizuri.

Anayetaka kuona uzito wa wavu wa Auerbach amtazame mtoto aliyezaliwa bila wavu huo katika sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Seli hizo husafiri mimbani kutoka upande wa kichwa kuelekea chini, na zikishindwa kufika mwisho wa safari, kipande kilichokosa seli hubaki kimejikaza wakati wote. Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Copenhagen, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1886, na huwapata takriban mtoto mmoja katika kila 5,000. Dalili ya kwanza ni kwamba choo cheusi cha kwanza, ambacho kwa kawaida hutoka ndani ya siku moja au mbili, kinachelewa, na tumbo linavimba. Ubongo wa mtoto huyo ni mzima, vagasi yake ni nzima, na bado haendi haja. Kwetu watoto wa namna hii mara nyingi huambiwa wana chango na hufika hospitali wamechelewa. Tiba ni kukiondoa kipande hicho kwa upasuaji.

Mtu wa Pwani:

Ahsante sana, dada muuguzi. Naomba kuuliza mambo mawili ya mwezi wa Ramadhani. La kwanza, alasiri tumbo hunguruma mpaka aliye pembeni yangu katika safu husikia, kisha hunyamaza, na njaa nayo huondoka kana kwamba nimekula. Baada ya muda vyote viwili hurudi. La pili, nikifuturu kwa tende tatu na kikombe cha uji, hata sijamaliza kikombe, hulazimika kuinuka kwenda msalani. Je, uji umepita kwa kasi hiyo?

Muuguzi wa Zamu:

Uji haujapita popote, ndugu yangu. Ungali kwenye mfuko wa chakula.

Nianze na ngurumo. Tumbo tupu halikai bure. Takriban kila dakika 90 hadi 120 wimbi kali la mikazo huanzia kwenye mfuko wa chakula au mwanzo wa utumbo mwembamba, likashuka polepole hadi mwisho wake, likisukuma mabaki, ute na bakteria kuelekea utumbo mpana. Ni zamu ya mfagiaji, na ngurumo unayoisikia ni hewa na maji vikisukumwa katika nafasi tupu. Sehemu kali ya wimbi katika mfuko wa chakula hudumu dakika chache tu, na ndipo mtu huhisi njaa ikimbana. Ikipita, kimya hurejea mpaka zamu nyingine. Neva za ukutani ndizo zinazoliongoza wimbi hilo, na homoni iitwayo motilini huchangia kuliamsha. Waliowahi kumeza erithromaisini na tumbo likawakata wameionja kazi ya motilini bila kujua, kwa sababu dawa hiyo huigiza homoni hiyo. Ukila, ufagiaji husimama mara moja, na utumbo huanza mwendo mwingine wa kuchanganya na kusaga.

Ama kuhusu kuinuka: mfuko wa chakula unapotanuka, neva na homoni hupeleka habari kwenye utumbo mpana kwamba shehena mpya iko njiani, nao husukuma ulichokuwa umehifadhi. Kinachotoka ni chakula cha jana au juzi. Kwa watoto wachanga jambo hili liko wazi zaidi, na kila mama amewahi kubadilisha nepi huku mtoto angali ziwani.

Mwalimu Mstaafu:

Nimefundisha biolojia sekondari kwa zaidi ya miaka 30, na ninaomba kuleta shaka moja. Tuliwafundisha wanafunzi kwamba neva za simpathetiki, zile za hofu na mapambano, hupunguza kazi ya tumbo, na za parasimpathetiki huichochea. Tulikuwa na mfano mzuri wa Walter Cannon, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari pale Harvard mwishoni mwa karne ya 19 alipowalisha paka chakula kilichochanganywa na bismathi, madini yanayoonekana kwenye eksirei, akawatazama kwa eksirei ambazo zilikuwa zimegunduliwa karibuni. Paka akifadhaika, mawimbi ya mfuko wa chakula hukoma papo hapo. Mfano huo naukubali. Lakini asubuhi ya mtihani wa taifa nilisimama uwanjani mwaka baada ya mwaka nikitazama foleni ya vyoo, na foleni ile haikuonyesha hata kidogo kwamba hofu hupunguza kazi ya tumbo. Sikuwahi kupata kitabu cha shule kilichonieleza.

Muuguzi wa Zamu:

Shikamoo, Mwalimu. Shaka yako ni ya haki, na kosa liko katika kulichukulia tumbo kama kiungo kimoja. Hofu huuchelewesha mfuko wa chakula na wakati huohuo huuharakisha utumbo mpana. Ubongo wenye wasiwasi hutoa kemikali ambayo, pamoja na kuamsha homoni za hofu, hupunguza ushawishi wa vagasi kwenye mfuko wa chakula na huongeza amri ya parasimpathetiki inayotoka sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo kwenda kwenye utumbo mpana na puru. Ndiyo maana mwanafunzi yuleyule hushindwa kumeza chai, akihisi kitu kimekaa kifuani, na bado hukimbilia chooni mara tatu. Paka wa Cannon na foleni yako vyote ni kweli. Vinaelezea sehemu mbili tofauti za njia ileile.

Bwana Shamba:

Nina la kuongezea kutoka kwenye kazi yangu. Anayetaka kuona asetilikolini ikifanya kazi bila breki, amtazame mkulima aliyepulizia dawa za wadudu za jamii ya oganofosfati bila kujikinga, au aliyezinywa. Mate humtoka kwa wingi, machozi, jasho, mboni za macho hunywea kama tundu la sindano, tumbo humkata, hutapika na huhara. Tulielezwa katika mafunzo kwamba dawa hizo huzuia kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini baada ya kumaliza kazi, hivyo amri moja ya neva huendelea kurudiwa bila kukoma. Tumbo ni sehemu moja tu ya balaa hilo. Kinachoua mara nyingi ni kifua kujaa majimaji na misuli ya kupumua kuchoka. Mtu wa namna hiyo avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe, awahishwe hospitali akapewe atropini, dawa inayoizuia asetilikolini, na kopo la dawa libebwe ili tabibu alisome. Wale wanaomnywesha maziwa na kumpotezea muda waache.

Mama wa Wawili:

Dada, kwangu ilikuwa kichekesho. Nilipojifungua kwa upasuaji, niliambiwa nitafune bazoka mara tatu kwa siku kabla sijaruhusiwa kula chakula kizito. Mama mkwe aliona kwamba wauguzi wa siku hizi wamekosa adabu, mzazi kutafuna bazoka kama kondakta wa daladala. Nilitafuna tu, lakini mpaka leo sijui nilikuwa natafuna nini.

Muuguzi wa Zamu:

Ulikuwa unaudanganya ubongo wako, mama, kwa faida yako mwenyewe.

Ivan Pavlov, ambaye watu wengi humkumbuka kwa kengele na mate, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya umeng'enyaji. Katika maabara yake ya St. Petersburg aliwafanyia mbwa upasuaji uliotoboa umio shingoni, hivyo nyama waliyoimeza ilianguka nje kupitia tundu hilo bila kufika tumboni. Mbwa walikula wakala, hakuna kilichoingia, na baada ya dakika chache mfuko wao wa chakula ulianza kumwaga maji yenye asidi kwa wingi. Alipozikata neva za vagasi, mbwa walikula kwa hamu ileile na mfuko wa chakula ukabaki mkavu. Habari za utamu na kutafuna zilikuwa zinashuka kwa vagasi, na daraja lilikuwa limevunjwa.

Bazoka hufanya jambo hilohilo bila kisu. Unatafuna, mate yanatoka, unameza mate, ubongo unatuma habari chini kwamba mgeni anakuja, na matumbo yaliyokuwa yamelala huanza kujinyoosha. Faida yake si kubwa kupita kiasi, lakini ni ya bei nafuu na haina madhara kwa mama anayeweza kutafuna vizuri. Mwambie mama mkwe kwamba adabu haikuvunjwa.

Nitaongeza jambo kwa sababu linahusiana. Kuanzia mwaka 1943 Lester Dragstedt, daktari wa upasuaji wa Chicago, aliwakatia vagasi wagonjwa wenye vidonda vya tumbo ili asidi ipungue. Asidi ilipungua kweli, lakini wengi wao chakula kilikwama kwenye mfuko, kwa kuwa vagasi ndiyo pia inayouongoza mfuko huo kukitoa, na ikabidi waongezewe upasuaji wa kupanua mlango wa kutokea. Utumbo uliofuata chini yake uliendelea kusukuma. Kwa hiyo nikirekebisha nilichosema mwanzoni: mkono wa ubongo una nguvu kuanzia mdomoni hadi mwisho wa mfuko wa chakula, hudhoofika katikati, na hupata nguvu tena karibu na puru.

Kaka Mkubwa:

Nimeusoma uzi huu mara mbili, na maneno haya ya mwisho yamenigusa. Mdogo wangu alianguka na bodaboda miezi mitano iliyopita, uti wa mgongo ukaumia usawa wa kifua, chini kidogo ya chuchu. Miguu haina hisia. Tumemrudisha nyumbani. Anakula vizuri, chakula kinasagika, hatapiki, hata uzito ameanza kurudisha. Lakini choo ama hakitoki siku tano, ama hutoka kitandani bila yeye kujua, na jambo hilo linamuumiza kuliko miguu. Hospitali tuliyotoka walimshughulikia kidonda na mgongo, hili hawakutueleza. Kwa nini tumbo lifanye kazi na mwisho wake usifanye?

Muuguzi wa Zamu:

Pole sana, kaka, na umpe pole mdogo wako. Swali lako ndilo uzi wote.

Nyavu za ukutani hazikuumia, kwa sababu haziko mgongoni. Vagasi nayo haikuumia, kwa sababu hutoka moja kwa moja kwenye fuvu na kushuka kupitia shingoni na kifuani bila kupita ndani ya uti wa mgongo. Inahudumia mfuko wa chakula, utumbo mwembamba na sehemu kubwa ya mwanzo ya utumbo mpana. Ndiyo maana anakula na kusaga. Kilichokatika ni njia kati ya ubongo na sehemu ya chini ya uti wa mgongo, ambako hutoka neva za kipande cha mwisho cha utumbo mpana, puru na pete ya nje. Habari kwamba puru imejaa haipandi, na amri ya kufunga au kufungua haishuki.

Hata hivyo, jeraha likiwa usawa wa kifua, kituo cha chini chenyewe kwa kawaida kinabaki hai, nacho hujibu kikichokozwa. Hapo ndipo pa kuanzia. Chagueni saa moja ya siku na msiibadilishe. Mpeni kifungua kinywa cha moto, na kati ya dakika 20 na 30 baadaye mkalisheni kwenye kiti cha choo kama anaweza kukaa, kwa kuwa huo ndio wakati ambao utumbo mpana husukuma baada ya kula, kama nilivyomweleza ndugu wa Pwani. Kisha kidole chenye glavu na mafuta ya kulainisha huingizwa taratibu na kuzungushwa kwa sekunde chache ili kuamsha pete, hurudiwa baada ya dakika kadhaa. Msijifunze hili kwa kusoma jukwaani. Mwombeni muuguzi au mtaalamu wa viungo awaonyeshe kwa mikono, na yeye mwenyewe afundishwe, kwa sababu mikono yake ni mizima na atapendelea kujifanyia. Kama jeraha lingekuwa chini kabisa, kwenye kiuno, utaratibu ungekuwa tofauti, maana kituo chenyewe kingekuwa kimekufa na choo hutolewa kwa mkono.

Onyo moja kubwa. Kwa jeraha la usawa wa juu wa kifua, puru iliyojaa inaweza kupandisha shinikizo la damu ghafla: kichwa humgonga, uso huwa mwekundu au hutokwa na jasho juu ya jeraha, na hujisikia vibaya. Ikitokea, mkalisheni wima, legezeni nguo, angalieni kama kibofu kimejaa na mkojo hautoki, na mpelekeni hospitali bila kungoja asubuhi. Kwa maelezo yako, jeraha lake liko karibu na mpaka huo, kwa hiyo muulizeni daktari ni pingili ya ngapi.

Kaka Mkubwa:

Ahsante, dada. Ni pingili ya sita ya kifua, nimeitazama kwenye karatasi ya kuruhusiwa. Muuguzi wa zahanati ya hapa alikuja Jumatatu akatuonyesha. Tunampa uji saa moja kamili asubuhi, na saa moja na nusu anakaa. Siku tatu za kwanza hakuna kilichotoka na alitaka kuacha. Leo, siku ya nne, ilitoka hewa tu. Alicheka nilipomwambia kwamba kuna muuguzi mahali fulani ambaye angefurahi kusikia hivyo.

Muuguzi wa Zamu:

Nimefurahi. Pingili ya sita imo ndani ya onyo nililotoa, basi kila anayemhudumia ajue dalili zile. Kesho saa ileile, hata kama hana hamu ya kukaa. Na maji ayanywe ya kutosha mchana kutwa, mkizingatia utaratibu wa kibofu mliopewa.